Kutengeneza gitaa la umeme kwa mkono nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa na vijana wanaotaka kujitengenezea gitaa la umeme hayabadiliki. Wa kwaya huuliza mbao ipi inafaa, wa bendi huuliza kama kazi inawezekana bila mashine kubwa, na wote huishia kuuliza kwa nini gitaa lililotengenezwa na rafiki yao linapendeza kwa macho lakini halikubali kupatana na kinanda. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe katika kibanda changu cha kazi hapa Moshi.

Jibu la swali la mwisho ndilo litakaloongoza mengine: gitaa ni shingo. Kiwiliwili cha gitaa la umeme ni ubao uliokatwa umbo, na seremala yeyote anayetengeneza kitanda kizuri anaweza kukikata, kwa sababu sauti inachukuliwa na sumaku za pikapu kutoka kwenye nyuzi za chuma na si kutoka kwenye tumbo la mbao kama gitaa la kawaida. Ukikosea milimita kumi kwenye ukingo wa kiwiliwili hakuna atakayesikia. Ukikosea milimita mbili kwenye freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kila wimbo utakaopiga utakusema. Kwa hiyo nitazungumza mengi kuhusu shingo na machache kuhusu kiwiliwili, na ninakuomba ugawe muda wako vivyo hivyo.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Nunua vifaa vya chuma na vya umeme kwanza, kabla hujachora mstari wowote, kwa kuwa mashimo yote yatapimwa kutoka kwenye vifaa ulivyo navyo mkononi. Utahitaji:

- pikapu moja ya koili mbili;
- daraja, yaani kipande cha chuma kinachobeba nyuzi juu ya kiwiliwili, lisilo na mkono wa kutikisia, lenye vikalio sita vya nyuzi vinavyosogea mbele na nyuma;
- funguo sita za kukazia nyuzi;
- nondo ya shingo inayorekebishika pande zote mbili, ambayo wauzaji huiita trasirodi, yenye urefu wa takriban milimita 440;
- waya wa freti wa mita moja na nusu;
- potensiomita moja ya kilo-omu 500 ya kuongeza na kupunguza sauti, jeki, yaani tundu la kuchomeka waya wa amplifaya, na waya mwembamba wa umeme;
- skrubu nne za shingo pamoja na bati lake;
- seti ya nyuzi za namba 10, yaani zile ambazo uzi wa kwanza, mwembamba kuliko zote, una unene wa inchi 0.010.

Vingi vya vifaa hivi hupatikana katika maduka ya ala za muziki Kariakoo na kusafirishwa kwa basi. Njia ya bei nafuu zaidi, ambayo ninaipendekeza kwa gitaa la kwanza, ni kutafuta gitaa la umeme lililovunjika shingo katika stoo ya kanisa au kwa bendi iliyokufa, ukalinunua na kulifungua. Daraja, funguo, pikapu na bati la shingo huwa bado vizima. Waya wa freti na nondo ununue vipya.

Kwa upande wa mbao, tumia mninga kwa shingo. Ni mbao inayotulia vizuri kuliko nyingi tulizonazo, haivimbi wala kusinyaa sana majira yanapobadilika, na inakubali randa na patasi. Mninga bora kuliko wote ni ule uliokwisha kukaa ndani ya nyumba kwa miaka mingi: ubavu wa kitanda cha zamani, ubao wa kabati, fremu ya mlango. Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen la Uingereza, alipoanza kutengeneza gitaa lake nyumbani pamoja na baba yake mwaka 1963, shingo waliichonga kutoka kwenye ubao wa meko ya zamani, na gitaa hilo alilipiga jukwaani kwa miongo mingi. Ubavu wa kitanda cha babu una sifa hiyohiyo.

Kwa kiwiliwili, mringaringa unaopandwa katika vihamba vya Uchagani ni mwepesi, hauchoshi bega, na huchongwa kwa urahisi. Ni mti uleule unaochongwa mizinga. Mgrevilea nao unafaa, na una mistari mizuri ikipigwa vanishi. Hata msonobari unatosha: sampuli ya kwanza ya gitaa la umeme la Fender, mwaka 1949, ilikuwa ya msonobari. Epuka mkaratusi kwa sehemu yoyote ile.

Ubao wa vidole, yaani ule unaobeba freti, uwe wa mpingo. Wachonga vinyago wa Arusha na Moshi huwa na mabaki, ingawa kipande kilichonyooka chenye urefu wa milimita 480 na upana wa 60 utakitafuta kwa siku kadhaa. Kagua nyufa kwenye ncha zote mbili, na kwa kuwa baadhi ya mbao hupakwa rangi ya viatu na kuuzwa kama mpingo, tumbukiza kipande kidogo kwenye ndoo ya maji, kwani mpingo huzama. Kwa mbao mpya za asili dai risiti, na hakikisha zimegongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Miti ya asili ya msitu wa Mlima Kilimanjaro ni ya hifadhi, kwa hiyo usimwombe mtu akutafutie mkamfa.

Zana: randa, msumeno wa kawaida, msumeno mwembamba ambao njia yake haizidi milimita 0.6, patasi za milimita 6 na 20, tupa bapa ndefu, tupa ya nusu duara, drili, klampu sita au zaidi, rula ya chuma ya milimita 600, skwea, kisu chenye ncha kali, msasa wa namba 80 hadi 400, na chuma cha kulehemu. Rauta ikipatikana kwa kuazima itakuokolea siku mbili, lakini si lazima. Barakoa ni lazima. Vumbi la mninga na la mpingo huwasha macho, hukaba kifua, na kwa wengine huleta pumu.

Hatua za kazi

1. Hakikisha mbao imekauka. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila inchi moja ya unene, ila neno la muuzaji kwamba mwaka umetimia halitoshi. Pima kipande kwenye mizani kila Jumamosi, andika uzito na tarehe juu ya mbao yenyewe, na usikikate mpaka uzito uwe umesimama kwa wiki nne mfululizo. Uzito uliosimama mwezi Aprili haukusaidii, kwa sababu katikati ya masika mbao husimama ikiwa imeshiba unyevu wa hewa. Vipimo vya Agosti na Septemba, au vya Januari na Februari, ndivyo vya kuaminika. Shingo yangu ya kwanza niliikata Aprili kwa mkaratusi niliouziwa kama mkavu, na ilipofika Agosti ilikuwa imejisokota kiasi kwamba uzi wa sita ulilala juu ya freti huku wa kwanza ukielea. Nondo hunyoosha shingo iliyopinda kama upinde. Shingo iliyojisokota hainyooshwi na nondo yoyote.

2. Chora gitaa zima kwa ukubwa wake halisi. Tumia karatasi nene au plaiwudi nyembamba, na anza kwa mstari mmoja wa katikati kutoka ncha ya kichwa hadi kitako. Kila kipimo kitokane na mstari huo, kamwe si kutoka kwenye ukingo. Vipimo ninavyokushauri ni hivi: kutoka kizingiti hadi daraja milimita 648, upana wa shingo kwenye kizingiti 42 na kwenye mwisho wake 56, kiwiliwili chenye unene wa 45. Kwa kizingiti ninamaanisha kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi hupita juu yake zikitoka kwenye kichwa.

Amua pia umbo la pembe ya chini ya kiwiliwili, ile iliyo kando ya shingo, na uikate kwa kina. Mpiga solo wa muziki wa dansi hukaa juu ya freti ya 12 kwa dakika nyingi wakati wa sebene, na pembe nene humzuia mkono. Arusha ina historia yake katika upigaji huo: Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George, waliotoka Tanga, walipiga hapo na Arusha Jazz kabla ya kuhamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunda Simba Wanyika. Ukitaka gitaa linaloweza kazi ya namna hiyo, freti ya 20 ifikike bila kukunja kiwiko.

3. Piga mistari ya freti kwenye ubao wa vidole. Randa mpingo hadi unene wa milimita 6, nyoosha kingo zote mbili ziwe sambamba, na ukate ncha moja kwa skwea. Ncha hiyo ndiyo sifuri, na ndipo uso wa kizingiti utakapokaa. Bandika rula ya chuma kwa utepe juu ya ubao, sifuri kwa sifuri, na usiisogeze tena mpaka mistari yote 22 iwe imekamilika. Umbali wa kila freti kutoka sifuri, kwa milimita, ni huu:

Freti ya 1: 36.4
Freti ya 2: 70.7
Freti ya 3: 103.1
Freti ya 4: 133.7
Freti ya 5: 162.5
Freti ya 6: 189.8
Freti ya 7: 215.5
Freti ya 8: 239.8
Freti ya 9: 262.7
Freti ya 10: 284.3
Freti ya 11: 304.7
Freti ya 12: 324.0
Freti ya 13: 342.2
Freti ya 14: 359.3
Freti ya 15: 375.5
Freti ya 16: 390.8
Freti ya 17: 405.3
Freti ya 18: 418.9
Freti ya 19: 431.8
Freti ya 20: 443.9
Freti ya 21: 455.3
Freti ya 22: 466.2

Ukitaka kipimo kingine cha uzi, gawa urefu wote kwa 17.817 upate freti ya kwanza, kisha gawa urefu uliobaki kwa namba hiyohiyo upate nafasi ya pili, na kuendelea. Freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili ya urefu. Isipoangukia hapo, hesabu ina kosa.

Hapa ndipo magitaa mengi ya nyumbani hufia, na kosa ni lilelile: fundi hupima freti ya pili kutoka ya kwanza, ya tatu kutoka ya pili, na kila upungufu mdogo unaongezwa juu ya uliotangulia. Mimi nilifanya hivyo kwa futi ya kushonea, na kufikia freti ya 12 nilikuwa nimepotea kwa milimita tatu. Pima kila freti kutoka sifuri. Chora kwa ncha ya kisu ukiegemeza skwea, kwa sababu mstari wa penseli peke yake una upana wa nusu milimita, na ukimaliza rudia kupima yote siku inayofuata ukiwa na macho mapya.

4. Kata mifereji ya freti ubao ukiwa bado na kingo sambamba, kabla hujaupunguza upana. Banisha kipande cha mbao kilichonyooka kando ya mstari ili msumeno uegemee hapo, na ukate kwa kina cha milimita 3.5. Jaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi: freti inapaswa kuingia kwa nyundo ndogo na isitoke kwa kuvutwa na vidole. Mfereji ukiwa mpana freti zitacheza na nyuzi zitalia kama nyuki. Ukiwa mwembamba mno, freti 22 zikilazimishwa zitapanua uso wa ubao na kuisukuma shingo irudi nyuma.

5. Kata shingo na uchimbe mfereji wa nondo. Unahitaji mninga wenye urefu wa milimita 700, upana wa 90 na unene wa 19 baada ya kuranda. Chagua ubao ambao nyuzi zake za ndani zinakwenda moja kwa moja kutoka kichwani hadi kitako, bila fundo. Kichwa cha kulala, kisichoinama nyuma, ndicho rahisi kwa anayeanza: punguza uso wake kwa milimita 4 hivi ili ubaki na unene wa 15, na uache mzingo mdogo pale kinapokutana na shingo. Mfereji wa nondo uchimbwe juu ya mstari wa katikati, kwa upana na kina cha nondo uliyonayo, kwa kawaida milimita 6 kwa 9 au 10. Ikae kwa kubana kidogo; ikicheza, itatetemeka na nyuzi.

6. Gundisha ubao wa vidole. Weka nondo, ijaribu kwa kuizungusha kwa ufunguo wake pande zote mbili, kisha funika mfereji kwa utepe mwembamba ili gundi isiingie. Mpingo una mafuta, kwa hiyo ufute upande wa chini kwa asitoni au thina dakika chache kabla. Ninatumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili badala ya gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa gundi nyeupe huleta maji na kuvimbisha ubao upande mmoja. Chomeka misumari miwili midogo isiyo na vichwa ili ubao usiteleze unapobana klampu. Uache saa 24.

7. Chonga shingo. Punguza kingo hadi upana uliochora, kisha chonga mgongo kwa tupa ya nusu duara na kipande cha chupa. Unene wote pamoja na ubao wa vidole uwe milimita 21 kwenye freti ya kwanza na 23 kwenye ya 12. Pima kila baada ya mipigo michache ya tupa. Chini ya mfereji wa nondo unabakiwa na mbao ya milimita 5 hivi, na mkono uliozoea miguu ya meza huipita bila kujua. Sehemu inayoingia kwenye kiwiliwili usiiguse. Ibaki bapa, na unene wake wote uwe milimita 25.

Uso wa ubao wa vidole unahitaji mzingo mdogo. Chonga kipande cha mbao laini kiwe na mbonyeo wa nusu kipenyo cha milimita 305, kibandike msasa, na ukiendeshe kutoka ncha hadi ncha bila kukaa mahali pamoja. Baadaye ongeza kina cha mifereji pembeni, pale ilipopungua. Toboa alama za freti ya 3, 5, 7, 9, 12, 15, 17, 19 na 21 na uzijaze vipande vya mfupa.

8. Piga freti. Pinda waya uwe na mzingo unaozidi kidogo ule wa ubao, kata vipande vinavyozidi upana kwa milimita 2 kila upande, na ugonge ncha mbili kwanza, kisha katikati, kwa nyundo ya plastiki au kwa kuweka kipande cha mbao ngumu kati ya nyundo na freti. Kata masalio, pitisha tupa kingoni kwa mshazari ili zisikate mkono, kisha paka wino wa kalamu nene juu ya freti zote na upitishe tupa ndefu iliyonyooka mpaka wino uguswe kwenye kila moja. Rudisha mviringo wa juu wa kila freti kwa tupa ndogo, na umalizie kwa msasa wa 400. Kazi hii ni ya siku nzima. Usiianze jioni.

9. Kata kiwiliwili. Mbao mbili za inchi mbili kwa nane zilizorandwa na kugundishwa ubavu kwa ubavu zinatosha. Hamisha umbo, kata kwa msumeno, lainisha. Mfuko wa shingo uwe na kina cha milimita 16, na upana wake uchukuliwe kutoka kwenye shingo yenyewe: chora ukiizunguka kwa kisu, ondoa mbao ya katikati kwa drili, na umalizie kwa patasi kali mpaka shingo iingie kwa kusukumwa na mkono na ibaki hapo gitaa likiinuliwa. Shimo la pikapu na la potensiomita huchimbwa kwa njia hiyohiyo.

10. Funga shingo na uweke daraja. Matundu ya kiwiliwili yawe mapana kidogo ili skrubu zipite bila kuuma. Matundu ya shingo yawe ya milimita 3, na skrubu zipakwe nta, kwani mninga mkavu hukata skrubu zinazolazimishwa. Usitoboe kwa ajili ya daraja mpaka shingo iwe imefungwa. Nyoosha nyuzi mbili za kushonea kutoka pande mbili za kizingiti hadi darajani, sogeza daraja mpaka nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo ilingane pande zote, na upime milimita 648 hadi kikalio cha uzi wa kwanza kikiwa kimesogezwa mbele kabisa. Hapo tu ndipo utoboe. Toboa pia njia nyembamba kutoka chini ya daraja hadi kwenye shimo la potensiomita.

11. Paka. Vua kila kitu kwanza. Sandingi sila tabaka tatu na vanishi tabaka nne, ukisugua kwa msasa wa 400 kati ya tabaka, hutoa uso mzuri. Usipake siku ya mvua, kwa maana unyevu huacha ukungu mweupe chini ya vanishi, na usipake karibu na jiko la mkaa. Kwa mgongo wa shingo ninapenda mafuta ya kitani, kwani mkono huteleza vizuri zaidi. Matambara yaliyotumika uyaanike bapa nje au uyaloweke kwenye maji, kwa kuwa yakikunjwa na kuachwa pembeni huweza kushika moto yenyewe. Mpingo haupakwi vanishi.

12. Unganisha umeme. Kama hujawahi kulehemu, mwombe fundi redio akae nawe saa moja. Itazame potensiomita kwa nyuma, miguu ikielekea chini: waya wa sauti wa pikapu uende mguu wa kushoto, waya wa kwenda ncha ya jeki utoke mguu wa kati, na mguu wa kulia ulehemiwe kwenye mgongo wa potensiomita. Hapohapo mgongoni ndipo ziungane nyaya zote za ardhi: ya pikapu, ya jeki, na ile inayotoka chini ya daraja. Zungushia kuta za shimo karatasi ya shaba iliyounganishwa na ardhi, maana nyaya za umeme wa nyumbani huleta muungurumo wa hezi 50. Kabla ya kufunga, chomeka kwenye amplifaya na uguse pikapu kwa bisibisi. Ukisikia mlio wa kugonga, umemaliza.

13. Kizingiti, nyuzi na marekebisho. Chukua mfupa wa paja la ng'ombe buchani, uchemshe mpaka mafuta yaishe, uanike wiki mbili, kisha uukate na kuusugua ukae sawasawa. Kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita iwe milimita 35. Chimba njia za nyuzi polepole: ukikandamiza uzi kwenye freti ya tatu, juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ya unywele.

Nyuzi za namba 10 huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 46, kwa hiyo zikaze zote kidogo kidogo na uiache usiku mmoja kabla ya kurekebisha. Kandamiza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Katikati, karibu na freti ya 8, ipite karatasi mbili au tatu za daftari. Nafasi ikizidi, kaza nondo robo mzunguko, subiri, pima tena. Kisha weka kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 2 kwa uzi wa sita na 1.6 kwa wa kwanza. Mwisho linganisha sauti ya kengele ya freti ya 12, ile inayotoka kwa kugusa uzi bila kuukandamiza, na sauti ya uzi uliokandamizwa hapohapo. Ya kukandamizwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi wa sita utaishia nyuma ya wa kwanza kwa milimita kadhaa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi

Uzi unalia zzz kwenye freti moja au mbili tu. Freti inayofuata imeinuka. Weka rula fupi juu ya freti tatu. Ikiyumba, ya katikati ni ndefu. Igonge tena, ikikataa isugue.

Uzi unalia zzz ukipigwa wazi pekee. Njia yake kwenye kizingiti ni ya kina mno. Jaza unga wa mfupa, dondosha supaglu, kisha uchimbe upya.

Nyuzi zimeshuka zote zikagusa freti za mwanzo. Shingo imerudi nyuma. Legeza nondo robo mzunguko. Hutokea mara nyingi gitaa linapopelekwa mahali pakavu baada ya masika, na kinyume chake hutokea mvua zinapoanza.

Uzi wa kwanza unateleza nje ya ukingo. Legeza skrubu za shingo kidogo, vuta kichwa upande unaotakiwa, kaza tena. Usisogeze daraja.

Gitaa halishiki tyuni. Kabla ya kulaumu funguo, sikiliza kizingiti: kikitoa sauti ya kukatika unapokaza, uzi unabanwa. Panua njia kwa msasa uliokunjwa na upake risasi ya penseli.

Muungurumo haubadiliki ukigusa nyuzi. Waya wa ardhi wa daraja umeachia. Ukiongezeka unapogusa, nyaya mbili za jeki zimebadilishana nafasi. Ukipungua unapogusa, uunganishaji ni sahihi na kinachokosekana ni karatasi ya shaba zaidi.

Sauti hupungua unapoongeza. Badilisha miguu miwili ya pembeni ya potensiomita.

Unapigwa shoti mdomo ukigusa maikrofoni. Acha kupiga mara moja. Tatizo hili si la gitaa bali ni la ethi ya jengo au ya moja ya mashine, na fundi umeme lazima aipime kabla ya mtu mwingine kushika chombo chochote. Usikubali ushauri wa kukata waya wa ardhi wa daraja. Muungurumo utaongezeka, na hitilafu ya ethi itabaki palepale ikimsubiri atakayeshika maikrofoni baada yako.